Chumvi Ileile, Oda za Juu na Chini

Mtoto ametumwa chumvi. Amefika dukani, huku Katoto, Kamina, noti ya franga mia tano ameikunja kiganjani. "Mama anasema munipe chumvi." Mwenye duka anatikisa kichwa. "Haiko, mtoto. Treni haiyafika."

Rudi baada ya wiki tatu. Dukani hapohapo magunia ya chumvi yamepandiana hadi dirishani. Ya chini yamenyonya unyevu wa mvua na sasa yanalia: maji yanachuruzika sakafuni, gunia linapungua uzito, na mama mwenye duka anashusha bei ili walau arudishe mtaji wake. Hapo ndipo watu huuliza swali ambalo ukikaa sokoni utalisikia mara kwa mara: mwezi jana ni nani aliyeimaliza chumvi, na mwezi huu ni nani aliyeacha kuila?

Majibu huwa mawili. Wengine wanailaumu treni. Wengine wanawalaumu wenye depo kwamba wanaficha mali wakingoja bei ipande. Yote mawili hutokea. Lakini hata treni ingefika kila wiki kwa saa yake, na hata kila mwenye depo angekuwa mwaminifu kama mizani mpya, chumvi bado ingeadimika na kufurika kwa zamu. Sehemu kubwa ya tatizo imejificha katika kanuni ambayo kila mfanyabiashara anaitumia, mara nyingi bila kujua kwamba ni kanuni, anapojiuliza: leo niagize magunia mangapi?

Njia ya gunia moja

Gunia linalofunguliwa Katoto limepita mikono mingi. Mwenye duka amelinunua kwenye depo ya mjini, likaletwa juu ya baiskeli. Mwenye depo aliliagiza Lubumbashi, likapakiwa kwenye reli likapita Likasi, Tenke na Bukama. Na Lubumbashi yenyewe inapata sehemu kubwa ya bidhaa zake kutoka ng'ambo ya mpaka wa Zambia, kwa malori yanayoingia Kasumbalesa. Msururu huu wote, kutoka kwa mtengenezaji hadi kwa mlaji, huitwa mnyororo wa ugavi. Kila pete ya mnyororo inaona pete moja tu iliyo mbele yake. Muuzaji wa Lubumbashi hajamwona yule mtoto mwenye noti ya mia tano. Anachokiona ni karatasi ya oda, au komande kama tunavyosema Kamina.

Kamina ni mahali pazuri pa kulielewa jambo hili, kwa sababu mji huu ni njia panda ya reli. Njia inayotoka Lubumbashi inagawanyika hapa: mkono mmoja unakwenda Mwene-Ditu, Kananga na Ilebo, ulikofikishwa mwaka 1928, na mwingine unaelekea Kabalo, kisha Kalemie au Kindu. Mali nyingi inayoonekana kituoni inapita tu. Mtu anaweza kuona mabehewa yamejaa asubuhi na bado akakosa chumvi jioni.

Nimechagua chumvi kwa makusudi. Unga ukipanda bei, familia inaweza kugeukia muhogo. Sukari ikipanda, chai inanywewa bila sukari. Chumvi haina mbadala, na hakuna anayetia chumvi mara mbili kwenye mboga eti kwa sababu imekuwa rahisi. Wateja wakubwa wenye msimu ni wavuvi wa Lualaba na maziwa ya Upemba na Kisale, wanaoinunua kwa ajili ya kukaushia samaki, na msimu wao unajulikana kwa kila mfanyabiashara wa Bukama na Kinkondja. Zamani, kabla ya reli, chumvi ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizoupa ufalme wa Waluba nguvu, pamoja na chuma. Tumeishi nayo muda mrefu. Tukiona oda za chumvi zinaruka juu na kuporomoka, basi wimbi hilo halikutoka kinywani mwa mlaji.

Hesabu ya magunia mawili

Tufanye mfano wa kubuni, wenye tarakimu ndogo. Duka moja la Katoto linauza magunia 10 ya chumvi kila wiki. Mama mwenye duka ana kanuni yake ya busara: kila anapoagiza, anataka awe na mali ya kutosha wiki mbili. Kwa hiyo anaanza wiki na magunia 20, anauza 10, anabaki na 10, anaagiza 10. Depo inayomhudumia ina kanuni ileile. Muuzaji wa Lubumbashi pia. Wote wameanza na magunia 20, na ili hesabu ionekane vizuri tuseme kila mmoja ana mteja mmoja tu na kila oda inafika ndani ya wiki. Mambo yametulia.

Wiki moja kuna arusi kubwa mtaani. Duka linauza magunia 12 badala ya 10. Mawili tu yameongezeka.

Mama anaangalia daftari. Anasema moyoni: biashara imekuwa 12 kwa wiki, kwa hiyo ninahitaji 24. Dukani yamebaki 8. Anaagiza 16.

Mwenye depo hajui habari ya arusi. Anachojua ni kwamba mteja aliyezoea kuchukua 10 leo amechukua 16. Naye anataka mali ya wiki mbili, yaani 32. Alikuwa na 20, ametoa 16, yamebaki 4. Anaagiza 28.

Lubumbashi inapokea oda ya 28. Muuzaji alikuwa na 20, anatoa yote na bado anadaiwa 8. Kwa kanuni yake anahitaji 56, na juu yake alipe lile deni la 8. Anaagiza 64.

Magunia mawili ya arusi yamekuwa oda ya magunia 64 mpakani. Hakuna aliyeficha mali, hakuna aliyedanganya, na kila mmoja amepiga hesabu yake sawasawa.

Sasa arusi imekwisha, watu wanarudi kwenye magunia 10. Duka lina yale 8 na 16 yaliyofika, jumla 24. Linauza 10, linabaki na 14, linataka 20, linaagiza 6. Depo ina 4 na 28, jumla 32. Inatoa 6, inabaki na 26, wakati sasa inaamini kwamba inahitaji 12 tu. Inaagiza sifuri. Lubumbashi imelipa deni, imebaki na magunia 56, na simu haiiti. Nayo inaagiza sifuri.

Kutoka 64 hadi sifuri, wiki moja tu. Muuzaji wa Lubumbashi atasema Kamina imekufa kibiashara, na wakati huohuo Katoto wanakula magunia 10 kama mwaka jana.

Kwa kifupi
Mlaji alibadilika kwa magunia mawili. Kila aliyekaa nyuma yake alifanya mambo mawili kwa pamoja: alijaza pengo la wiki ile, na akaongeza akiba kana kwamba wiki ile itajirudia daima. Kila pete ilirudia kosa hilo juu ya kosa la pete iliyotangulia.

Jina la jambo hili

Wataalamu wa ugavi duniani wanaliita jambo hili athari ya mjeledi: mkono unatikisika kidogo, ncha ya mjeledi inapiga mbali. Mfano wenyewe unafaa, lakini kwetu Kongo neno hilo lina uchungu wake. Kiboko, mjeledi wa ngozi ya mnyama mwenye jina hilohilo anayeishi Upemba, kilichapwa kwenye migongo ya babu zetu, na sioni sababu ya kukifanya kiwe kumbukumbu ya somo la biashara. Nitaliita wimbi linalokua.

Aliyelichora mapema kwa hesabu ni Jay Forrester wa chuo cha MIT huko Marekani, katika makala aliyoitoa mwaka 1958. Alionyesha kwamba kiwanda kinaweza kupanda na kushuka kwa sababu ya kanuni zake chenyewe za kuagiza, hata soko likiwa tulivu. Baadaye kampuni ya Procter & Gamble iliona jambo hilohilo kwenye nepi za Pampers. Watoto wachanga hulowesha nepi kwa kiasi kilekile kila siku, na bado oda zilizofika viwandani zilipanda na kushuka vibaya.

Kinachonigusa zaidi ni mchezo uliotengenezwa MIT miaka ya 1960 kutokana na kazi ya Forrester. Watu wanne wanakaa kwenye meza: mwenye duka, muuzaji wa jumla, msambazaji na kiwanda. Wanauza kreti za bia za kuchezea. Hawaruhusiwi kuongea, wanapelekeana oda tu. Mwanzoni wateja wa duka wanachukua kreti 4 kila wiki. Kisha, mara moja tu, wanapanda hadi 8, na wanabaki 8 mpaka mwisho wa mchezo. Hilo tu. Lakini oda za kiwandani hupaa, halafu zinaanguka, na mezani kunabaki milima ya kreti na madeni. Wachezaji wakiambiwa wachore jinsi wanavyodhani wateja walinunua, mara nyingi wanachora milima na mabonde. Wakifunuliwa ukweli, wengi hawaamini. Walikuwa na hakika kwamba mteja ndiye aliyewasumbua.

Mali iliyosahauliwa njiani

Katika mfano wetu oda ilifika ndani ya wiki. Kamina haiko hivyo. Mwenye depo anayetumia reli anaweza kungoja wiki tatu, au zaidi. Na hapa ndipo wimbi linapopata nguvu kuliko mahali pengine popote.

Fikiria depo iliyopungukiwa magunia 60. Jumatatu mwenye depo anaagiza 60 ya nyongeza. Wiki ya pili anaingia stoo, anatazama, pengo liko palepale, maana behewa bado liko upande wa Bukama. Moyo unamwenda mbio. Anapiga simu, anaongeza 60. Wiki ya tatu, vilevile. Alipungukiwa 60, ameagiza 180, na zote zitafika, tena huenda zikafika kwa treni moja. Siku hiyo stoo inakosa nafasi na mtaji wote umegeuka chumvi.

Macho yanaona mali iliyo stooni. Mali iliyo njiani haionekani kwa macho, inaonekana kwenye daftari tu, na madaftari mengi hayana safu yake. Uchunguzi wa wale wanaocheza mchezo wa bia ulionyesha udhaifu huohuo: watu huisahau mali waliyokwisha kuiagiza. Kama ningeruhusiwa kurekebisha jambo moja tu katika maduka na madepo yetu yote, ningechagua hili.

Treni inaongeza jambo la pili. Kwa kuwa safari ni chache na kupakia ni ghali, mwenye depo anakusanya oda za mwezi mzima na kuzituma kwa pamoja. Wenzake wanangoja treni hiyohiyo, na wao wanafanya vivyo hivyo. Lubumbashi inaona ukuta wa oda, halafu wiki tatu za ukimya, halafu ukuta tena.

Hofu ina hesabu yake

Tarehe 10 Agosti 2024 Zambia ilifunga mpaka wake na Kongo kwa siku chache, baada ya Kinshasa kuzuia uingizaji wa bia na vinywaji baridi. Mwaka huohuo Zambia ilikuwa imepigwa na ukame mkali, na Rais Hakainde Hichilema alikuwa ametangaza janga la kitaifa mwezi wa pili. Kwa jimbo linalotegemea Kasumbalesa kwa unga, habari kama hizo zinafika sokoni kabla ya lori lenyewe kukosekana.

Mali ikiwa haba, muuzaji wa jumla anagawa. Aliyeomba 100 anapewa 50. Mteja mwerevu anajifunza upesi: ukitaka 100, omba 200. Hii ni oda ya hofu, oda isiyo na mlaji nyuma yake. Na ubaya wake huonekana siku mpaka unapofunguliwa. Kila mtu anafuta nusu ya oda zake siku moja, na aliyeleta mali akiamini zile karatasi anabaki nayo. Kupanda kwa dola kunafanya kazi inayofanana: wafanyabiashara wananunua mali ya miezi miwili leo kuilinda franga yao, kisha hawanunui kitu.

Je, huu ni uzembe? Sioni uzembe hapo. Mama mwenye duka akikosa chumvi, mteja anaweza kuhamia duka jingine na asirudi. Anajilinda kwa alicho nacho.

Chumvi ikiwa dawa

Ningekuwa naandika juu ya chumvi tu, sura hii ingeweza kuishia kwenye hasara ya gunia lililolia. Lakini kanuni hizi za kuagiza ziko pia kwenye vituo vya afya.

Kituo huagiza dawa kwa kufuata wastani wa matumizi ya mwezi, yaani kiasi kilichotolewa kwa wagonjwa kikigawanywa kwa idadi ya miezi. Inaonekana sawa kabisa. Sasa tuseme dawa za malaria zilizokuwepo zilikuwa dozi 60, zikaisha baada ya siku 15. Siku 15 zilizobaki wagonjwa walirudishwa nyumbani na karatasi. Kwenye rejesta mwezi umeandikwa dozi 60. Mahitaji ya kweli yalikuwa kama 120. Nesi anayeagiza kwa kufuata 60 anaandaa upungufu wa mwezi unaofuata kwa mkono wake mwenyewe, na baada ya miezi kadhaa kituo kitaonekana kwenye karatasi kama kijiji chenye afya njema. Dawa yake ni rahisi: gawanya kwa siku ambazo dawa ilikuwepo. Dozi 60 kwa siku 15 ni 4 kwa siku, mara 30 ni 120.

Wimbi hilo limewahi kufika hadi shambani. Miaka ya mwanzo ya 2000, Shirika la Afya Duniani lilipoanza kuhimiza dawa mseto za malaria zenye artemisinini, yaani kiini kinachotolewa kwenye majani ya artemisia, oda zilimiminika. Bei ya kilo moja ya kiini hicho ilipanda kupita dola 1,000 kufikia mwaka 2005. Wakulima wakapanda, wakiwemo wa Kenya, Tanzania na Uganda. Lakini kutoka mbegu hadi kidonge inapita zaidi ya mwaka, na kila aliyepanda aliiona bei ya siku ile bila kuona mashamba ya wenzake. Mavuno yote yalipokutana sokoni, bei ikaanguka chini ya dola 200 mwaka 2007. Wengi wakaacha kulima zao hilo, na njia ya uhaba mwingine ikafunguka. Malaria muda wote huo ilikuwa inaua watoto bila kufuata bei.

Kutuliza maji

Kuna kampuni ya Italia, Barilla, inayotengeneza tambi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watu wake walichoka na oda za mawimbi, wakawaambia wasambazaji: msitutumie oda, tutumieni taarifa ya mlichouza, nasi tutaamua tulete nini. Wasambazaji walikataa. Kumwonyesha mwingine daftari lako kunaogofya Parma kama kunavyoogofya Kamina. Barilla ilianza na bohari zake yenyewe, ikaonyesha kwamba mali stooni inapungua na upungufu pia unapungua, ndipo wengine wakakubali kidogokidogo.

Huku kwetu simu moja inaweza kufanya sehemu ya kazi hiyo. Mama wa Katoto akimwambia mwenye depo, "Papa, nimeuza 12, kulikuwa na arusi," yale maneno matatu ya mwisho yana thamani kuliko karatasi ya oda. Mengine yanayosaidia:

- Kuangalia wastani wa wiki nne badala ya wiki moja. Katika mfano wetu, duka lingesoma mauzo kuwa 10.5, likaagiza 13 badala ya 16. Depo ingeagiza kama 15, na Lubumbashi 17. Linganisha na 64.
- Wenye depo kukodi behewa moja kwa pamoja, kila mmoja akipakia kidogo cha kila bidhaa, ili asilazimike kuleta chumvi ya miezi miwili kwa safari moja.
- Mali ikiwa haba, muuzaji kugawa kwa kufuata ambacho kila mteja alichukua miezi iliyopita. Anayeomba mara mbili hapati faida yoyote.
- Kuandika siku ambazo mali haikuwepo.

Na ile safu ya njiani. Tuchukue depo halisi zaidi, inayouza magunia 100 kwa wiki. Mali inasafiri wiki tatu, na mwenye depo anaagiza mara moja kwa wiki. Kwa hiyo anahitaji kufunikwa wiki nne: magunia 400. Treni ikichelewa, awe na ziada ya 150. Jumla 550, ikihesabu yaliyo stooni pamoja na yaliyo njiani. Hiyo 550 anaiandika kwenye jalada la daftari na haibadilishi mpaka wastani wa mauzo wa miezi kadhaa umwambie abadilishe.

Jumatatu alikuwa na 250 stooni na 300 njiani. Wiki hiyo kulikuwa na arusi, ameuza 120. Jioni ya Jumamosi anakaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, taa ya sola juu ya kichwa, anahesabu magunia: 130. Stoo inatisha, nusu ya ukuta inaonekana. Anafungua safu ya njiani: 300, yako kati ya Lubumbashi na hapa. Anajumlisha, 430. Anatoa kwenye 550.

Anaandika 120.